Nesi wa Nyahanga na Aibu Zetu

Ukimkuta dukani kwake ukamwamkia, alikuwa ananawa mikono kwanza ndipo anaitikia. Shikamoo yako ilibaki inaning'inia hewani huku yeye akisugua vidole kimoja kimoja, anasuuza, anajifuta kwa taulo jeupe, halafu anageuka na kusema marahaba kana kwamba umeingia sasa hivi. Wageni waliona ni dharau. Sisi majirani wa mtaa wa Nyahanga, hapa Kahama, tulishajua kwamba ndivyo alivyo, na wengine walikuwa wanamwamkia wakiwa bado barabarani ili kuokoa muda.

Tulimwita Nesi. Kwa desturi ya kwetu angeitwa Mama fulani, maana alikuwa na binti mtu mzima anayefanya kazi Shinyanga mjini, lakini sikumsikia mtu hata mmoja akimwita hivyo. Alishastaafu serikalini nilipomfahamu. Alikuwa na duka dogo la dawa, na mimi cherehani yangu ilikaa kwenye kibaraza kinachotazamana nalo. Kati yetu palikuwa na barabara ya vumbi tu. Kwa miaka yote niliyoshona pale, nilikuwa nikiinua macho kutoka kwenye kitambaa namwona yeye, mnene kiasi, miwani imeshuka puani, anamsikiliza mtu aliyeinama kwenye kaunta na kunong'ona.

Watu walinong'ona, yeye hakunong'ona. Hilo ndilo lililowatisha na ndilo lililowarudisha. Kijana akija na kusema kwa sauti ya chini kwamba anawashwa, Nesi alimuuliza kwa sauti ileile anayoulizia kikohozi: unawashwa wapi, tangu lini, umelala na nani bila kinga. Hakupaza sauti, ila hakuipunguza pia. Niliwahi kumwambia kwamba watu wanaona haya. Akanijibu kwamba ukipunguza sauti unamwambia mgonjwa kuwa alichonacho ni kibaya kuliko malaria, na akishaamini hivyo haji tena.

Alikuwa na maneno yake aliyoyarudia mpaka tukayajua. "Mwili haujui dhambi, unajua maumivu." Hilo aliwaambia zaidi wanawake wa kanisani waliokuja na ugonjwa pamoja na maungamo. Akimwona mtu ana papara alisema, "Haraka waachie bodaboda." Na mtu akimwomba dawa ya ganzi ili avumilie jambo fulani, alimtazama juu ya miwani na kusema kwamba maumivu ni mlinzi wa nyumba, na mtu mwenye akili hamleweshi mlinzi wake.

Usidhani alikuwa mtu wa kisasa. Nyumbani kwake, kwenye televisheni wakitokea mwanamume na mwanamke wanabusiana, alibadilisha chaneli haraka kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Mbele ya kaka yake hakuweza kutamka neno chupi. Binti yake alinisimulia siku moja, akicheka lakini si sana, kwamba hedhi yake ya kwanza alielezwa na mwenzake shuleni, kwa sababu mama yake, aliyewaelezea nusu ya wasichana wa Kahama, alimwachia tu pakiti ya pedi juu ya kitanda na kutoka nje kwenda kufagia uwanja uliokuwa tayari umefagiwa. Nesi alipenda michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyopikwa na karanga, alipenda soda baridi mno kwa mtu mwenye kisukari, na alikuwa anawakataza wengine soda huku chupa yake iko chini ya kaunta. Alikuwa mkali kwa watoto wanaokuja bila viatu. Alikuwa mchoyo wa sifa. Nilimshonea magauni mengi, na sifa kubwa niliyopata ni kwamba moja halikumbana kwapani.

Jumapili alikwenda misa ya kwanza bila kukosa. Lakini watu wakipanga mstari kwenda kukomunika, yeye alibaki ameketi. Miaka yote. Waumini walikuwa na maelezo yao: wengine walisema aliachana na mume, wengine walisema aliwahi kutoa mimba za watu. Mimi nilikaa benchi la nyuma yake na kwaya, nikaona mabega yale hayainuki, na kwa muda mrefu nami niliamini hayo waliyoyasema.

Akina mama walimwalika mara moja kwenye sherehe ya kumfunda bibi harusi. Walitaka awape maneno ya kitaalamu. Somo aliyetangulia alikuwa amemfundisha binti yule kunyenyekea, kukatika, kupokea, kutosema nimechoka. Nesi aliposimama alimuuliza binti kama anajua kusema hapana. Binti akacheka, akainamisha uso. Nesi akamwambia aseme, pale pale, kwa sauti. Binti akasema hapana, kidogo sana, kama mtu anayejaribu viatu vya mwenzake. Nesi akasema, "Sasa na ndiyo yako itakuwa na maana," akaketi. Hawakumwalika tena.

Nimesema nilimfahamu kwa miaka. Lakini kumfahamu kweli kulianza kwa sababu ya jambo lililotupata mimi na mume wangu, na jambo hilo mpaka leo nikilisema nahisi shingo inapata joto. Nitalisema hata hivyo, kwa sababu bila hilo, huyu mama atabaki kuwa kikongwe mwenye taulo jeupe.

Mume wangu, Baba Neema, ni fundi wa malori makubwa ya mgodini. Anakaa kambini kwa zamu, kisha anarudi nyumbani kupumzika. Ni Msukuma wa kimo, mpole, mtu ambaye watu humpa mtoto amshike bila kufikiri. Tulikuwa tumeoana muda mrefu wakati jioni moja, tukiwa tunabangua karanga uani, aliponieleza kwa kuzungukazunguka kwamba kuna namna anatamani tujaribu, na kwamba hiyo namna inamhusu yeye, nyuma kwake, si mimi. Alisema akitazama karanga. Nikaelewa kwamba amelibeba kwa miaka, na kwamba kwa mwanamume wa hapa kulitamka hilo ni kama kukabidhi shingo. Wangesikia wenzake kambini wangempa jina ambalo lingemfuata mpaka kaburini. Aliniambia mimi. Nilijisikia kuheshimiwa, na wakati huohuo nikajisikia mwenye hatia, kwa sababu ndani yangu kitu kilisisimka.

Mimi ndiye niliyekwenda kununua. Mtaa wa Nyasubi, hapohapo mjini, palikuwa na mama mmoja anayeuza nguo za ndani kwenye begi, na chini ya nguo alikuwa na vitu vingine, vinaletwa kutoka Dar es Salaam, vinauzwa kwa macho, bila maneno. Sikuuliza chochote. Nilikichukua kidude cha kwanza alichokitoa kwa sababu nilitaka kuondoka upesi. Kilikuwa laini, kirefu kama kidole cha kati na kinene zaidi ya kidole, mviringo kote, hakina mwanzo wala mwisho. Ningekuwa ninanunua zipu ningeikagua pande zote mbili. Kile sikukikagua.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Neema yuko kwa bibi yake. Tulitumia mafuta ya kujipaka, tukafanya kwa wasiwasi na kwa kicheko cha wasiwasi. Kikaingia, na sikuweza kukishika tena. Kiliteleza, mwili ukakivuta, kikapotea. Baba Neema aligeuka akanitazama, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyevunja kitu cha watu.

Tulijaribu mambo yote ambayo hayafai kujaribiwa. Sitayaeleza. Jioni tumbo likaanza kumsokota. Nikasema twende hospitali, akasema bora afe. Alisema polisi wataitwa. Alisema manesi watamcheka, na kesho mji mzima utajua. Asubuhi hakuweza kuketi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilivaa sare ya kwaya nikaenda kanisani, kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia nisipoonekana watu watakuja kuuliza. Niliimba. Nilifungua kinywa mbele ya altare nikiwa nimemwacha mume wangu amelala kifudifudi. Mbele yangu Nesi alibaki ameketi wakati wengine wanakwenda kukomunika, na siku hiyo nami sikuinuka.

Misa ilipokwisha nilimfuata. Nikamwambia kuna mtu ninayemfahamu amepata shida. Nikaeleza shida yenyewe kwa maneno ya kufichaficha. Hakushtuka. Aliuliza jambo moja kwanza.

"Huyo mtu, alilazimishwa?"

Nikasema hapana.

"Alitaka mwenyewe?"

"Alitaka. Na mwenzake alitaka."

"Yuko wapi sasa?"

Nikasema yuko kwangu. Akatikisa kichwa, akapita dukani kuchukua mkoba wake, akanawa mikono, tukavuka barabara.

Baba Neema alipomwona mlangoni alifunika uso kwa mto. Nesi aliuliza kuhusu homa, akamgusa tumbo kuona kama limekakamaa, akauliza kama ametoka damu nyingi. Akamwambia asinywe dawa ya kulainisha choo, asikaze kusukuma, na mtu yeyote asiingize kidole wala kijiko kukitafuta, kwa sababu utumbo ni mwembamba na ukitoboka ndipo mtu anakufa kweli. Hospitali ndiyo njia pekee, na iwe sasa. Mume wangu akarudia neno lake kwamba bora afe.

Nesi akavuta kigoda akaketi karibu na kichwa chake. Alimweleza habari ambayo mimi nami niliisikia kwa mara ya kwanza, nikiwa nimesimama mlangoni na sare yangu ya kwaya.

Alisema zamani, akiwa bado kijana kazini, alipangiwa zahanati iliyokuwa jirani na machimbo upande wa Geita. Alikuja mwanamke, mama lishe wa pale machimboni, mwenye shida kama hii hii. Chupa. Nesi akamwita mwenzake aje aone, mwenzake akamwita mwingine. Wakacheka. Halafu yeye, Nesi, akamhubiria. Alimwambia huu ndio mshahara wa uchafu. Akamwacha kwenye benchi akaenda kutafuta mganga mkuu, na alichelewa makusudi, ili yule mama akae na aibu yake kidogo, imfunze. Ndivyo alivyosema: aibu imfunze. Aliporudi, benchi lilikuwa tupu. Alikwenda machimboni kumuulizia, siku hiyo na siku nyingine. Kibanda cha chakula kilikuwa na mtu mwingine. Kuna aliyesema amerudi kwao, kuna aliyesema hajui.

"Sijui kama alikufa," Nesi alisema. "Nimewauliza watu mpaka wameniona kichaa. Kutokujua ndiko kunakonila. Basi wewe usinifanye niwe na wawili."

Baba Neema aliondoa mto usoni. Kisha akaniomba suruali.

Tulikwenda kwa bajaji, yeye amelala ubavu, Nesi mbele na dereva, anazungumza na dereva habari za mvua njia nzima ili asigeuke nyuma. Hospitalini, tabibu kijana alisoma maelezo, na pembe ya mdomo wake ikaanza kupanda. Nesi alimwona. Hakumgombeza. Alimsogelea akamwambia kwamba anaijua sura hiyo, aliwahi kuwa nayo yeye, na kwamba ataijutia. Kijana akashusha macho, na tangu hapo alimhudumia mume wangu kama baba yake mdogo. Walimpa dawa ya kulegeza misuli na usingizi, wakakitoa bila kumpasua. Polisi hawakuitwa. Nesi alikaa kwenye benchi la nje mpaka tukaambiwa amezinduka, halafu akasema ana njaa, akaondoka bila kuaga.

Ungetegemea kwamba baada ya hapo angetukanya tusirudie. Mimi nilitegemea hivyo, na kwa kweli nilitaka hivyo. Nilitaka mtu anipe adhabu ili niimalize. Mume wangu alipopona aliniambia tutupe wazo lile kabisa, na nikakubali, na kwa majuma kadhaa tulikuwa tunapishana ndani ya nyumba kwa adabu kama wapangaji. Alikuwa hanigusi. Nilijua anadhani nimemwona mdogo. Mimi nilidhani ananiona muuaji. Mimi ndiye niliyenunua, mimi ndiye niliyeshindwa kukishika.

Alasiri moja Nesi alituita chumba cha nyuma cha duka, akafunga mlango. Alituketisha kwenye maboksi ya dripu. Akasema hajui kama tutarudia au hatutarudia, hilo ni letu, lakini watu wengi hurudia, na wakirudia bila kujua ndipo anaitwa kwenda kusema na mtu aliyefunika uso kwa mto. Kwa hiyo tusikilize.

Alitoa kwenye rafu nyonyo ya bandia ya mtoto mchanga, ile ya plastiki anayopewa asilie. Akaonyesha kisahani chake kipana.

"Mnaona hiki? Ndicho kinachomzuia mtoto asiimeze. Kitu chochote cha nyuma lazima kiwe na kitako kama hiki, kipana kuliko kitu chenyewe. Mbele kuna mwisho. Nyuma hakuna mwisho, utumbo unavuta. Kisicho na kitako, hata kiwe kizuri namna gani, si cha huko. Na chupa, na mshumaa, na tango, na mpini, vyote si vya huko."

Mume wangu alikuwa anatazama sakafu, lakini masikio yalikuwa yamesimama.

Alieleza kwamba mlangoni kuna misuli miwili. Wa nje unakutii, ukiuambia legea unalegea. Wa ndani hautii mtu, unasubiri mpaka uamini kwamba hakuna hatari. Ndiyo maana pupa inaumiza. Mtu aanze na kidogo sana, kidole chenye kucha fupi na glovu, au kifaa kidogo kisichozidi kidole, apumue, atulie, na asiingize kwa nguvu bali augoje mwili ukaribishe. Huko nyuma hakuna ute wake kama wa mbele, kwa hiyo kilainishi ni lazima, kile cha maji kinachouzwa kwenye maduka ya dawa, na kiwe kingi, na kikikauka kiongezwe. Mafuta ya kujipaka yanaozesha kondomu. Mate hayatoshi. Ganzi hapana, na pombe hapana, kwa sababu mlevi hasikii mlinzi akibisha.

Aliendelea vilevile, kwa sauti ya kikohozi. Mtu aende haja kwanza, ajioshe nje kwa maji ya uvuguvugu, asijimwagie sabuni wala dawa za kusafisha ndani. Kifaa kiwe cha silikoni au kitu kigumu kisicho na nyufa, kioshwe kwa sabuni kabla na baada, kivishwe kondomu, na kondomu ibadilishwe kama kinahamia kwa mwingine. Kilichokwenda nyuma kisije mbele kwa mwanamke kabla hakijaoshwa, maana wadudu wa nyuma mbele wanakuwa ugonjwa. Mwenye bawasiri au kidonda asubiri apone. Ikiuma, simama. Siyo punguza, simama. Damu kidogo ya mchubuko inaweza kupita, lakini damu nyingi, homa, tumbo kuwa gumu, ni hospitali siku hiyohiyo.

"Na kila mara muulizane," alisema mwishoni. "Aliyesema ndiyo juzi hajasema ndiyo leo."

Nilimuuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu Jumapili ile. Nilimuuliza kama ni dhambi. Aliirudisha ile nyonyo kwenye kifuko chake, akakunja mdomo wa kifuko vizuri, akasema hayo nimuulize padri, yeye ni wa upande wa mwili. Kisha akaongeza, bila kututazama, kwamba dhambi anayoijua kwa hakika ni ile ya kuchelewa makusudi.

Hapo ndipo nilipoelewa mabega yale kanisani. Alikuwa amejihukumu mwenyewe na kujifunga mwenyewe. Nilimwambia siku nyingine kwamba angeweza kuungama, kwamba hata wauaji wanasamehewa. Akasema aliungama zamani, padri akamsamehe, tena upesi mno. "Aliyestahili kunisamehe si yeye," alisema. Akanigeuzia mgongo akaanza kupanga dawa za minyoo.

Tulirudia. Nalisema hilo kwa sababu kulificha kungekuwa kuidharau alasiri ile ya maboksi ya dripu. Hatukurudia haraka, na safari hii sikununua kwa macho. Nilikigeuza mkononi nikaangalia kitako, muuzaji akinishangaa. Tulikwenda polepole kama watu wanaovuka mto wasioujua. Mara ya kwanza tuliishia njiani kwa sababu Baba Neema alisema inatosha, na ikatosha, na tukabaki tumekumbatiana tunacheka, na kicheko hakikuwa cha wasiwasi tena. Nyumba ikarudi kuwa nyumba. Lakini hatia haikuondoka. Nilijiona kama mtu aliyeungua na kurudi jikoni. Jumapili nikiinuka kwenda mbele na kwaya, nikampita yeye ameketi, nilihisi nimebeba furaha iliyonunuliwa kwa aibu ya mwanamke nisiyemjua. Kwa sababu kama yule mama lishe asingechekwa, Nesi asingekuwa Nesi, na mume wangu angebaki na mto wake usoni.

Wengine pia walipita chumba kile cha nyuma. Niliwaona kutoka kwenye cherehani: wachimbaji waliokuja mjini na pikipiki zenye tope, walimu, mke wa mtu mkubwa mmoja akiwa amejifunga ushungi mpaka machoni. Sikujua kila mmoja alikuwa na lipi. Niliwaona tu wanaingia wameinama na kutoka wamenyooka kidogo. Wapo waliomsema. Walisema mama mzee anafundisha watu uchafu. Aliyasikia. Alinawa mikono, akaendelea.

Miguu yake ilipoanza kuvimba, binti yake alikuja akamchukua kwenda Shinyanga. Duka likafungwa, baadaye akaingia muuza simu. Nilikaa muda mrefu bila kwenda kumwona, nikijipa sababu za kazi, mpaka nilipopata safari ya kupeleka sare za shule huko. Nilimbebea mchele wa Kahama na michembe.

Nilimkuta sebuleni kwenye kiti chenye mito, miguu juu ya stuli, amepungua mpaka gauni nililomshonea lilikuwa limemzidi. Binti yake alinikaribisha vizuri, tukaongea habari za Nyahanga, nani kaolewa, nani kahama. Kisha binti akasema anatoka kidogo kwenda dukani kutafuta kinywaji, akatuacha.

Nesi alisubiri hatua zake ziishe uani. Aliuliza hali ya Baba Neema. Nikasema ni mzima, yuko zamu. Akaniuliza kama aliwahi kuumia tena. Nikasema hapana, hata siku moja. Akatikisa kichwa, akatazama vidole vyake.

"Mayu," aliniita, yaani mama kwa Kisukuma, neno ambalo hakuwahi kuniita nalo, "nimewafundisha watu wengi wasiumie. Hilo tu. Sikuwahi kumuuliza hata mmoja. Ile furaha, ilikuwepo?"

Niliangalia mlango. Umri wangu ule wote, na watoto, na kwaya, nikaona haya kama bibi harusi. Nilitafuta namna ya kulipunguza jibu nikaikosa.

"Ilikuwepo, Nesi."

"Na sasa?"

"Na sasa ipo."

Alifumba macho. Alipofungua hakunitazama.

"Basi huenda na yule alikuwa nayo," alisema. "Yule wa machimboni. Siku zote namkumbuka pale kwenye benchi, na damu yake, na sisi tunacheka. Sikuwahi kufikiri kwamba kabla ya benchi alikuwa mahali anafurahi. Nilimnyima hata hilo."

Niliinuka kwenye kiti changu nikaketi chini, karibu na stuli, nikaanza kumkanda miguu, na mguu ule ulikuwa mzito na baridi, kidole kikibonyea na kuacha shimo. Aliniachia. Tulikaa hivyo mpaka lango likalia.

Binti yake aliingia na soda, akatukuta hivyo, akauliza tulikuwa tunaongea nini.

"Tulikuwa tunamsema mtu fulani," Nesi alimjibu. "Ungemfahamu ungempenda."